Joho ni la wakili, fimbo ni ya nani?

Septemba 20, 2019, Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilisoma uamuzi katika shauri ambalo Ado Shaibu wa ACT-Wazalendo alipinga uteuzi wa Adelardus Kilangi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Serikali iliweka pingamizi la awali, Jaji Kiongozi Eliezer Feleshi akalikubali, na shauri likafia hapo. Hilo peke yake lisingekaa magazetini zaidi ya siku mbili. Kilicholifanya likumbukwe ni amri iliyokuwamo katika uamuzi huohuo: wakili wa Ado, Fatma Karume, aliyekuwa amemaliza muda wake wa urais wa Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS) miezi michache kabla, alisimamishwa kufanya kazi ya uwakili Tanzania Bara kwa sababu ya maneno aliyoyaandika kwenye hoja zake. Aliingia na kesi ya mteja, akatoka na ya kwake.

Mwanasheria Mkuu akamlalamikia mbele ya Kamati ya Mawakili. Septemba 2020 Kamati ikaamua jina lake lifutwe kwenye daftari la mawakili. Juni 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo wa Kamati. Katika muda wote huo, ukali wa maneno yenyewe haukuwa ndio mjadala mkubwa. Watu wawili waungwana wanaweza kulisoma andiko moja, mmoja akasema ni utovu wa adabu na mwingine akasema ni utetezi wa kawaida wa wakili aliyechachamaa. Waliojadili sana walijadili jambo jingine: nani hasa alistahili kuyapima maneno hayo.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inajibu kwa njia ambayo wengi hawaijui hadi iwafike. Kifungu cha 22 kinamfanya kila wakili kuwa ofisa wa Mahakama Kuu, kisha kinaipa Mahakama hiyo uwezo wa kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kabisa. Si hivyo tu. Jaji mmoja, akiwa peke yake, anaweza kumsimamisha wakili kwa muda, wakati suala lenyewe likisubiri kuangaliwa na Mahakama Kuu. Sambamba na njia hiyo kuna Kamati ya Mawakili. Mwenyekiti wake ni jaji aliyeteuliwa na Jaji Mkuu, wakili mmoja anatokana na TLS, na kiti kingine sheria imekitenga kwa Mwanasheria Mkuu au ofisa mwingine mkuu wa upande wa sheria wa serikali.

Rudi sasa kwenye shauri la 2019. Aliyelalamika kwa Kamati ni Mwanasheria Mkuu. Shauri lililozaa malalamiko lilihusu uhalali wa Mwanasheria Mkuu huyohuyo kuwa ofisini. Na chombo kilichopokea malalamiko ni kile ambacho sheria imempa Mwanasheria Mkuu nafasi ndani yake. Hata kama kila aliyeketi siku ile alikuwa na moyo mweupe, mpangilio wenyewe ulikuwa umeshaharibu sura ya haki. Miaka miwili baada ya kutoa amri ile, Septemba 2021, Jaji Feleshi mwenyewe aliteuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Katiba inaruhusu, na sioni kosa la kisheria katika uteuzi huo. Nautaja kwa sababu unaonyesha jinsi ofisi hizi mbili zilivyo majirani, na jinsi ilivyo vigumu kumshawishi wakili anayeishitaki serikali kwamba watakaohukumu adabu yake hawana uhusiano wowote na mpinzani wake.

Kisa cha Boniface Mwabukusi kina sura hiyohiyo. Huyu aliongoza mawakili waliopinga mahakamani Mbeya, mwaka 2023, makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai, yale ya DP World. Maneno yake nje ya mahakama yalimfikisha mbele ya Kamati, mlalamikaji akiwa ni upande wa serikali, na Kamati ikampa onyo. Alipogombea urais wa TLS mwaka 2024, jina lake lilienguliwa na kamati ya rufaa ya chama kwa hoja za maadili. Mahakama Kuu ikalirudisha Julai, na Agosti wanachama waliokutana Dodoma wakamchagua. Yaani mtu aliyeonekana na chombo rasmi kuwa na dosari ya maadili ndiye waliyemwona mawakili wenzake kuwa anafaa kuwaongoza. Unaweza kusema mawakili wamekosea. Unaweza pia kusema chombo kinachopima maadili yao hawakiamini. Mimi naegemea hilo la pili.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia habari za wakubwa tu, na mawakili mashuhuri huwa hawakosi wa kuwasemea. Twende kwenye mabenchi ya korido za mahakama, pale wanapokaa watu wenye bahasha za kaki mapajani, wakisubiri jina la kesi liitwe. Hapo ndipo mwenendo wa wakili unapouma kweli. Wakili hakuja, shauri limeahirishwa. Wakili yuko Mahakama ya Rufani, shauri limeahirishwa. Amemtuma kijana wa ofisini ambaye jalada kaliona leo asubuhi, shauri limeahirishwa tena. Mteja ametoka Kilosa na nauli ya kukopa. Siku nyingine wakili hatokei, mteja naye kaambiwa asihangaike kuja, na shauri linafutwa kwa kutohudhuria.

Hapo mteja anaanza kuomba. Anataka aongezewe muda, kwa kuwa siku za kukata rufaa zimepita. Kwa rufaa ya kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya kusudio hutakiwa kutolewa ndani ya siku 30, na siku 30 kwa mtu ambaye hata hajui kwamba kesi yake imekufa ni kufumba na kufumbua. Anaeleza ukweli: si mimi, ni wakili wangu. Na majaji, kwa msimamo uliorudiwa tangu shauri la Umoja Garage dhidi ya Benki ya Taifa ya Biashara la mwaka 1997, humjibu kwamba uzembe au kupitiwa kwa wakili si sababu ya kutosha ya kuongeza muda. Msimamo huo una mantiki yake, maana bila hivyo kila aliyeshindwa angemsingizia wakili na kesi zisingeisha. Ila tazama matokeo. Wakili amekosea, mteja ameadhibiwa, na uamuzi unaosomwa mara nyingi hausemi lolote kuhusu wakili huyo kupelekwa popote. Jaji ameuona uzembe kwa macho yake, ameuandika kwenye uamuzi wake, kisha amefunga jalada.

Linganisha hilo na kasi ya Septemba 2019. Neno lililomgusa mkubwa lilishughulikiwa katika uamuzi uleule, bila kungoja malalamiko mbele ya Kamati. Shamba la mtu lililopotea kwa sababu wakili alisahau tarehe linamtaka mwenye shamba aandike malalamiko, akusanye nyaraka ambazo nyingi ziko kwa wakili huyohuyo, ayapeleke mbele ya Kamati, na asubiri. Kanuni za maadili za mwaka 2018 zinamtaka wakili awe mwaminifu na mwenye bidii kwa mteja, sawa na zinavyomtaka aiheshimu mahakama. Wajibu ni wa pande zote mbili. Haraka ndiyo inaelekea upande mmoja.

Wakenya wanao mpangilio tofauti, na ukiutazama kwenye karatasi utauonea wivu. Wana Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, inayopokea kilio cha mwananchi na inaweza kumfikisha wakili mbele ya Baraza la Nidhamu. Baraza hilo lina mawakili waliochaguliwa na wenzao, na pia lina watu wasio mawakili. Linaweza kuonya, kutoza faini, kusimamisha, kufuta jina. Hata hivyo Januari 18, 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya haikuhangaika nalo. Kupitia barua ya msajili wake ilimjulisha wakili Ahmednasir Abdullahi kwamba haitamsikiliza tena, yeye wala wakili mwingine wa kampuni yake wala yeyote atakayesimama kwa maelekezo yake, kwa sababu ya mashambulizi yake ya muda mrefu dhidi ya Mahakama hiyo mitandaoni na kwenye vyombo vya habari.

Ahmednasir si mtu wa kupakatwa. Amewahi kuwa mwenyekiti wa Chama cha Mawakili Kenya (LSK), amewahi kukaa kwenye Tume ya Utumishi wa Mahakama, na ulimi wake unawakera hata marafiki zake. Tuhuma alizokuwa akizitoa dhidi ya majaji zilikuwa nzito mno, za rushwa, na mtu anayetuhumu hivyo anapaswa kubanwa alete ushahidi. Kumbana ndiyo kazi ya Baraza la Nidhamu. Majaji wangeweza kulalamika kama mwananchi mwingine yeyote, wakaja na maandishi yake, naye akatakiwa athibitishe au alipie. Badala yake waliotuhumiwa ndio wakatoa adhabu, kwa barua, bila kikao. Na adhabu hiyo haikumwishia yeye. Ofisi ya wakili wa hadhi yake ina wateja wenye rufaa zinazosubiri, watu wasioandika lolote mtandaoni, ambao ghafla ilibidi watafute mtetezi mwingine katika mahakama ambayo juu yake hakuna nyingine. LSK ilipinga, na sidhani kama ilifanya hivyo kwa kumpenda Ahmednasir.

Uganda ilifika mbali zaidi, na kwa kasi ya kutisha. Januari 7, 2025, wakili Eron Kiiza, mmoja wa watetezi wa mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye, alikwaruzana na wanajeshi ndani ya Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Makindye, Kampala. Siku hiyohiyo mahakama hiyo ikamtia hatiani kwa kuidharau na kumfunga miezi tisa. Kabla mwezi huo haujaisha, Mahakama ya Juu ya Uganda ilitamka kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuhukumu raia. Kiiza aliendelea kuwa gerezani hadi alipopata dhamana Aprili. Februari mwaka huohuo, rais wa Chama cha Wanasheria Uganda, Isaac Ssemakadde, alihukumiwa kifungo cha miaka miwili bila kuwepo mahakamani, naye kwa kosa la kuidharau mahakama.

Majaji wana hoja yao, na ni hoja nzito. Jaji ndiye anayemwona wakili akidanganya, akimtisha shahidi, akipoteza muda kwa makusudi, akileta ombi la nne lililokwishakataliwa mara tatu. Kama hana la kumfanya hapo kwa hapo, chumba cha mahakama kitageuka gulio. Barua ya malalamiko itakayojibiwa mwaka kesho haimsaidii shahidi anayetukanwa leo. Anayesema majaji wasiwe na uwezo wowote juu ya mawakili hajawahi kukaa katika kesi yenye wakili mkorofi.

Mawakili nao husema: tuachieni wenyewe, taaluma ijisimamie. Hapa sina subira nao. Kinyozi hajinyoi. Waingereza, ambao ndio tuliorithi kwao majoho, mawigi na karibu taratibu zote hizi, walijaribu hivyo kwa vizazi. Chama chao cha mawakili wa ofisini kilikuwa kikiwatetea wanachama na wakati huohuo kikishughulikia malalamiko dhidi yao, na malalamiko yakarundikana hadi serikali ikamwita David Clementi, mtu wa benki na si wa sheria, achunguze. Ripoti yake ya 2004 ilizaa sheria ya 2007 iliyotenganisha kazi hizo mbili: chama kibaki na utetezi, usimamizi wa maadili uende kwa vyombo vinavyojitegemea, na juu yake iwepo bodi yenye wajumbe wengi wasio wanasheria.

Mgawanyo huo unavyofanya kazi siku njema ulionekana London mwaka 2025. Katika shauri dhidi ya halmashauri ya Haringey, hati za upande wa mdai zilitaja hukumu tano ambazo hazikuwahi kuwepo. Halmashauri iliomba waliohusika walipishwe gharama. Jaji aliamuru wakili aliyeziandika alipe pauni 2,000 kutoka mfukoni mwake, na ofisi ya sheria iliyompa kazi hiyo ilipe kiasi hichohicho, maana upande wa pili ulipoteza muda na fedha kutafuta hewa. Juni, jopo la Mahakama Kuu likaliangalia suala hilo pamoja na jingine la namna hiyo, likatoa onyo kali kwa wanasheria wote juu ya kutegemea akili mnemba bila kuhakiki, kisha likawapeleka wahusika kwa vyombo vya maadili. Hasara ya siku ile ililipwa na aliyeisababisha. Hatima ya joho ikaenda kuamuliwa na watu wengine.

Siku mbaya nayo ipo, na ni mbaya kwelikweli. Kati ya 1999 na 2015, Waingereza zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha vituo vya posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa kutegemea hesabu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, mfumo uliokuwa na kasoro. Shirika la Posta lilikuwa na mawakili wake, wa ndani na wa kukodi. Taarifa za kasoro hazikuwafikia washitakiwa kama sheria ilivyotaka. Waliposhitaki kwa pamoja, watu 555, Shirika liliomba katikati ya kesi, Machi 2019, jaji ajitoe, na likashindwa. Suluhu ya Desemba mwaka huo ilikuwa pauni milioni 57.75, sehemu kubwa ikaishia kwenye gharama za kesi na wafadhili wa kesi. Miaka yote hiyo hakuna jaji aliyeweza kuadhibu asichokiona, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye karatasi zilizobaki kabatini. Chombo cha maadili nacho kilikuja nyuma kabisa, kikisubiri tume ya uchunguzi imalize kazi yake. Kwa hiyo hata mfumo uliopangwa vizuri unaweza kulala, na unapolala wanaoumia ni wauza stempu wa vijijini.

Kwa hali yetu, nadhani mpaka unaweza kuchorwa bila kuiga kila kitu cha London. Jaji abaki na mamlaka juu ya chumba chake: amnyamazishe wakili, amtoe kwa siku hiyo, akatae hati chafu, amtoze gharama yeye binafsi badala ya mteja. Hilo la gharama litumike zaidi, hasa kwa mawakili wa kuahirisha ahirisha. Na pale jaji anapokataa kuongeza muda kwa sababu wakili alizembea, nakala ya uamuzi iende moja kwa moja kwa Kamati, isimsubiri mteja wa Kilosa ajifunze kuandika malalamiko. Ameshapoteza shamba, asitwishwe na kazi ya uendeshaji mashitaka.

Leseni ni jambo jingine. Ni ugali wa mtu na pia ni mtetezi wa watu wasiohusika na ugomvi. Aliyetukanwa, awe jaji au waziri, aruhusiwe kulalamika na kutoa ushahidi, lakini asiwe ndiye anayeamua. Kiti cha Mwanasheria Mkuu katika Kamati kiondolewe. Yeye ndiye mteja mkubwa kuliko wote mahakamani, na hatungekubali benki iwe na mjumbe wa kudumu kwenye chombo kinachowaadhibu mawakili wanaoishitaki benki. Nafasi hiyo wapewe raia wasio wanasheria, zaidi ya mmoja, kama walivyo katika Baraza la Wakenya. Mwalimu mstaafu hahitaji shahada ya sheria kutambua wakili aliyekula fedha za fidia.

Kifungu cha 22 chenyewe sidhani kama kinahitaji kufutwa. Yapo makosa, kama wakili kughushi saini ya mteja na jaji akaliona hilo wazi, ambayo hayapaswi kungoja kikao cha Kamati. Kinahitaji sentensi mbili za nyongeza. Ya kwanza, jaji hatamsimamisha wakili kabla ya kumweleza tuhuma na kumsikiliza. Ya pili, akishamsimamisha apeleke jalada ndani ya siku 14 kwa majaji wengine ambao hawakutajwa wala kuguswa katika ugomvi huo, na siku hizo zikipita bila wao kukaa, zuio linakufa lenyewe na wakili anarudi kwa wateja wake.